Jino la Mgombea

Siku ya Jumatatu, wakati anakunywa chai na kusoma gazeti, Daktari Emil Hrivnak aligundua kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Alikuwa na miaka themanini na minne, na katika umri wote huo alipita geti la kiwanda mara moja tu, akiwa shule ya msingi, walipopelekwa matembezi na mwalimu.

Gazeti halikusema hivyo moja kwa moja. Lilisema kwamba Clem Hrivnak, yaani mwanawe Clement, anayegombea Seneti, ni mtoto wa bonde la chuma, aliyelelewa na baba "aliyechapa kazi kwa mikono yake". Ukisoma huku umeangalia picha ya Clem, amevaa koti zito la kahawia na kuegemea pikapu yenye tope, hapo mwenyewe unajaza kilichobaki. Mwandishi aliendelea kummwagia sifa: hana makuu, hachagui chakula, anasalimia watu kwa majina yao. Halafu akafika kwenye tabasamu. Jino lake la mbele lililopinda kidogo, aliandika, jino la mtoto ambaye kwao hela ya kunyooshea meno haikuwepo, linamwambia mpigakura yote anayohitaji kujua.

Emil aligonga kikombe mezani.

"Jino!"

"Linauma?" aliuliza Stush, mwenzake wa meza.

"La Clement! Wanasema halikunyooshwa kwa sababu tulikuwa hatuna hela!"

Stush alivuta gazeti, akalisogeza mbali na macho, akasoma. Jina lake kamili lilikuwa Stanislaw Wojtas, lakini Duncastle nzima ilimwita Stush, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kiwandani wa kweli. Alisimama mbele ya matanuri miaka zaidi ya thelathini, na usikivu wake aliuacha hukohuko, ndiyo maana alichosema kilisikika mpaka jikoni.

"Enhe, Dokta! Ulikuwa tanuri gani wewe? Mbona hatukuonana?"

"Usinianze, Stush."

"Au ulikuwa zamu ya usiku?"

Watu wa meza za jirani waligeuka. Hadi chakula cha mchana nyumba yote ya wazee ya Mtakatifu Barnaba ilikuwa na habari, na Bi Philomena wa ghorofa ya pili alimsimamisha kwenye korido, akamshika mkono kwa huruma.

"Emil, kumbe ulianzia kiwandani. Maskini, ulificha vizuri."

"Philomena, hayo meno ya bandia uliyo nayo mdomoni nimekutengenezea mimi. Ulikaa kwenye kiti changu wiki nzima!"

"Nakumbuka. Mkono wako ulikuwa mzito kweli. Sasa ndiyo naelewa kwa nini."

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Emil alikuwa daktari wa meno kwa miaka arobaini, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa, barabara kuu ya Duncastle. Nyumba yao ilikuwa mlimani, upande ambao moshi haukufika, ina vyumba vinne vya kulala na piano ambayo Clement alilazimishwa kuipiga mpaka alipofika miaka kumi na minne. Nyaya za meno alimfunga yeye mwenyewe, akazikaza kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, na zilipotoka, jino lile lilikuwa limenyooka kama wenzake. Kilichobaki ni kuvaa kidude cha plastiki wakati wa kulala ili lisirudi. Cha kwanza Clement alikipoteza kwenye bwawa la kuogelea la klabu. Cha pili kilibaki hotelini kwenye safari ya shule ya kwenda Washington. Cha tatu kilitafunwa na mbwa. Mama yake akasema mwache mtoto, na jino likarudi lilikotoka. Kwa daktari yeyote wa meno hiyo ingekuwa aibu ndogo ya kumeza kimyakimya. Lakini kuambiwa na gazeti kwamba ni umaskini!

Akampigia mwanawe. Simu ilipokelewa na msichana aitwaye Tamsin, msaidizi wa mambo ya habari.

"Mzee Hrivnak! Umeona? Imetoka vizuri ajabu!"

"Mimi sikuwahi kufanya kazi kiwandani."

"Hakuna aliyesema kiwandani, mzee wangu. Wamesema mikono. Si ulitumia mikono?"

"Ulitaka ning'oe meno kwa miguu?"

Tamsin alicheka kweli kweli, kicheko cha mtu aliyefurahi. "Jamani! Hiyo naweza kuitumia?"

Emil alikata simu. Jioni Clement alipiga mwenyewe, yuko barabarani, sauti imekauka kwa kuhutubia.

"Baba, mimi sikuwaambia. Wao wenyewe wameandika."

"Basi wasahihishe."

"Gazeti linalokusifia unalisahihishaje? Nikipiga simu kukana umaskini wataniona mtu wa ajabu."

"Hukuwa maskini, Clement. Ulikuwa na mwalimu wa tenisi."

"Kwa muda mfupi tu, Baba."

"Kwa sababu ulikuwa mvivu!"

Clement alisema anaingia kwenye mkutano, na simu ikakatika. Kilichomkera Emil kuliko vyote ni hilo jina la Clem. Miaka ishirini mlango wa ofisi yake ya uwakili pale Pittsburgh uliandikwa Clement J. Hrivnak, na mtu akimwita Clem alikuwa anamtazama mpaka ajirekebishe.

Basi Emil akaamua kulimaliza jambo mwenyewe. Alipiga simu gazetini, akapelekwa kwa huyu na yule, mwishowe akapata mwandishi aliyeandika ile makala, Corinne Bascom, ambaye alisema angefurahi sana kuja. Akaja siku ya pili yake, amebeba boksi la maandazi matamu, binti mwenye adabu na macho ya kusikiliza. Kusema kweli Emil alimpenda. Alimwonyesha cheti chake cha chuo ukutani. Akamwonyesha picha ya nyumba ya mlimani, bila kuficha hata piano. Akamweleza kwamba aliyekuwa kiwandani ni baba yake yeye, Mikulas, Mslovakia, babu yake Clement, na kwamba huyo ndiye aliyemsomesha udaktari. Habari ya jino aliieleza kutoka mwanzo hadi mbwa.

"Na wagonjwa wako walikuwa watu wa kiwandani?" Corinne aliuliza.

"Wengi. Mji wote ulikuwa wa kiwandani."

"Waliweza kulipa?"

"Walikuwa na bima nzuri ya chama cha wafanyakazi. Walilipa kuliko mawakili."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kukuletea kitu? Chakula, labda?"

Emil alifikiri. Hakutaka kumkatisha tamaa binti wa watu. "Mama mmoja aliwahi kuniletea chupa ya matango ya siki," alisema. "Yalikuwa na chumvi mno."

Jumapili makala ikatoka ukurasa mzima. Stush ndiye aliyewahi kuipata, akaisoma kwa sauti mbele ya chumba chote cha chakula, akisimama kila mstari ili kufuta machozi ya kicheko. Ilikuwa habari ya daktari wa watu wa jasho, aliyetibu meno ya wachoma chuma na kulipwa kwa matango. Cheti kilitajwa: "kimetundikwa bila majivuno". Piano ilitajwa: "ndiyo starehe pekee ya familia". Na jino lilipewa aya yake peke yake. Baba huyu, Corinne aliandika, alihangaika na meno ya mji mzima, jino la mwanawe likasahaulika.

"Likasahaulika!" Emil alifoka. "Nilimweleza habari ya mbwa! Mbwa yuko wapi humu?"

"Mbwa hayumo," alisema Stush, akigeuza ukurasa. "Lakini matango yametokea mara nne."

"Sijawahi kulipwa matango maisha yangu yote!"

"Usijali, Dokta. Ungekuwa unaandikwa vibaya ingekuwaje?"

Hilo ndilo lililomfanya ashindwe kulala vizuri. Mtu akikusingizia wizi unajua pa kuanzia. Unakana, unatafuta shahidi, unafika mahakamani. Lakini mtu anayekusingizia wema, unamfanyaje? Kila unachokisema kinakuwa unyenyekevu. Siku tatu mfululizo watu wasiomjua walimletea matango ya siki pale mapokezi.

Ijumaa ilikuwa ya Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima Duncastle inakula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Ilijulikana kwamba Clem angekuja kuwagawia watu chakula. Emil alivaa suti yake ya kijivu na tai, akamwambia Stush wanakwenda.

"Suti ya samaki?" Stush aliuliza.

"Nakwenda kusema na watu wa televisheni."

"Mungu wangu. Ngoja nivae kofia."

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Harufu ya mafuta, pirogi, zile kama sambusa za viazi za kuchemsha, zinaelea kwenye siagi na vitunguu, watoto wanakimbizana chini ya meza. Clement alikuwa nyuma ya kaunta, amefunga aproni, amekunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko, anapakua kabichi na tambi kwa mwiko mkubwa. Kamera tatu zilikuwa zinaufuata ule mwiko. Emil alimwona anamimina kabichi kwenye sahani ya mtu huku anatazama kamera, nusu ikaenda mezani. Mpiga picha mmoja akasema, "Safi sana, Clem, rudia tena hivyohivyo."

Alipomwona baba yake, Clement aliacha mwiko, akazunguka kaunta, akamkumbatia. Halikuwa la kamera. Emil alilijua lile kumbatio, la mtoto aliyechoka. Lakini kamera zilikuwa hapohapo, na kipaza sauti kikatokea chini ya kidevu cha Emil.

"Mzee Hrivnak, wewe ndiye daktari wa matango! Unasema nini kuhusu Clem?"

Hii ndiyo nafasi aliyokuwa anaitafuta. Akajikohoza.

"Nataka kusema kwamba huyu hakulelewa kwa shida. Tulikuwa na nyumba kubwa. Tulikuwa wanachama wa klabu ya kuogelea. Hilo jino nililinyoosha mimi mwenyewe, yeye akaliharibu kwa uzembe. Na huo mwiko hajui kuushika."

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko na makofi. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Baba ni baba!" Mtangazaji aligeukia kamera yake huku anatabasamu, akasema ndiyo hiyo, ndugu watazamaji, familia isiyojua kupaka mambo rangi, na sasa unajua Clem amepata wapi ukweli wake.

"Sikiliza," Emil alimvuta mkono, "mimi sifanyi mzaha."

"Najua, mzee!" yule mtangazaji alisema kwa mapenzi makubwa, akaondoka.

Kwa muda wote huo Stush alikuwa amesimama pembeni na sahani yake. Masikio yamekufa, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo, na hakuna aliyemwelekezea kipaza sauti.

Emil alitoka nje kwa mlango wa jikoni, hadi kwenye maegesho, akasimama kwenye baridi akihema kwa hasira. Baada ya kitambo Clement alimfuata, bado amevaa aproni.

"Baba, ingia ndani. Utapata mafua."

"Umenifanya kichekesho."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeongea!"

"Nimesema kweli mpaka mate yamenikauka, Clement, na kila ninachosema kinakuwa pambo lako. Ningewaambia wewe ni mwizi wangesema mzee ana utani."

Clement aliegemea ukuta. Bila kamera alionekana mtu wa miaka hamsini na tatu ambaye halali.

"Unajua nikisema mimi ni mtoto wa daktari na wakili wa mikataba kinatokea nini?" alisema. "Wanaacha kunisikiliza. Sentensi inayofuata hawaisikii. Na sentensi inayofuata ndiyo ya hospitali yetu ya hapa. Wanataka kuifunga, Baba, mama mjamzito wa hapa atajifungulia barabarani. Ndiyo maana nagombea. Nikivaa koti wananisikiliza."

Emil alimtazama. Hakuwa amelitegemea hilo, na lilimpunguzia kasi.

"Umeshaisema hiyo sentensi?"

Clement alijifuta mikono kwenye aproni.

"Nakuuliza. Tangu uvae hilo koti, hospitali umeitaja mara ngapi?"

"Naitaja kila mahali. Hawaiandiki. Wanaandika koti."

"Basi koti linakusaidia nini?"

Mlango ulifunguka, Tamsin akachungulia, Clement akamwashiria asubiri. Emil akaona kwamba hili hawezi kulala nalo, basi akalisema.

"Babu yako alikuja kwenye chumba changu cha kazi siku niliyofungua. Meno hakuwa nayo hata moja, yote yalishang'oka. Akaniambia, nilaze. Nikamlaza kwenye kiti. Akaniambia, washa taa. Nikawasha. Akakaa pale, mdomo wazi, mimi nimevaa koti jeupe nimemwinamia, na hakukuwa na kitu cha kutibu. Alitaka tu kuona inakuwaje. Akaamka, akavaa kofia, akaenda zamu ya mchana. Hakupenda kiwanda hata siku moja, Clement. Alikichukia. Alikaa mle ili mimi nisikae. Sasa wewe unakuja kunirudisha kwa maneno ya gazeti, tena unapigiwa makofi."

Clement alitazama chini. Akasema, "Hukuwahi kuniambia hiyo."

"Hukuwahi kuuliza. Na huyo binti wa gazeti sikumwambia. Angeweka matango ndani."

Clement alicheka, mara moja, kwa uchungu. Tamsin akachungulia tena. Wakaingia ndani, na Clement akarudi kwenye mwiko wake.

Mwezi wa tano kura za mchujo zikapigwa. Emil na Stush walikwenda kwenye chumba cha chini cha kanisa, na Emil alisimama mbele ya karatasi muda mrefu mpaka mwanamke wa kituo akamuuliza kama anahitaji miwani. Alimpigia mwanawe kura, kwa hasira, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Umempa?" Stush aliuliza nje.

"Nimempa. Usiniulize chochote."

"Mimi pia nimempa. Jana alinipigia simu."

Emil alisimama. "Clement? Alikupigia wewe?"

"Aliniuliza habari za mapafu yangu, na hospitali ipi naenda, na ikifungwa nitakwenda wapi. Tuliongea kama nusu saa. Nilisikia karibu nusu yake."

Emil akatangulia kwenye gari.

Jioni ile matokeo yalikuja mapema, Clem ameshinda kwa mbali, na chumba cha televisheni cha Mtakatifu Barnaba kilijaa wazee wanaopiga makofi. Clement akapanda jukwaani. Hakuvaa lile koti la kahawia. Alivaa shati jeupe, na kwa sababu ya joto la ukumbi alikuwa anakunja mikono huku anaanza kuongea.

"Baba yangu," Clement alisema, "ni—"

Na hapohapo sauti yake ikapunguzwa, watangazaji wawili wakaanza kuongea wao.

"Tazama hapo," alisema wa kwanza. "Anakunja mikono ya shati. Wengi wangepanga kitu kama hicho, lakini kwake kinatoka chenyewe."

"Ni mtu aliyezoea kazi," alisema wa pili. "Huwezi kufundishwa."

Nyuma yao Clement alikuwa anaongea. Mdomo ulikuwa unakwenda, taratibu, uso umetulia kuliko Emil alivyouona miezi yote. Alinyoosha kidole mbali, kama mtu anayeonyesha jengo. Watu wa mbele ya jukwaa hawakuwa wanacheka wala kupiga kelele. Walikuwa wanasikiliza.

"Nyamazeni!" Emil alisimama, akaipigia televisheni fimbo sakafuni. "Nyamazeni nyie! Anaongea! Mwacheni aongee!"

"Anasema nini?" Stush aliuliza, mkono sikioni.

"Sijui! Hawa wapumbavu wanaongelea shati!"

"Na ndiyo mvuto wake," mtangazaji alikuwa anasema. "Unahisi ungeweza kukaa naye ukanywa bia."

"Hanywi bia!" Emil alipiga kelele. "Inamletea kiungulia!"

Bi Philomena alimvuta koti akae. Sauti ya Clement ilirudishwa alipokuwa anasema asanteni na usiku mwema, ukumbi ukapiga makofi, karatasi za rangi zikaanza kumwagika.

Emil alikwenda korido, akapiga simu. Iliita sana. Hatimaye Clement akapokea mwenyewe, nyuma yake kelele tupu.

"Baba! Umesikia?"

Emil alifungua mdomo. Alisikia jinsi mwanawe alivyokuwa anangoja upande wa pili, pumzi juu, kama alivyokuwa akisimama mlangoni na ripoti ya shule.

"Ulisema nini kuhusu mimi?" aliuliza.

"Hukusikia?"

"Watangazaji walikuwa wanaongea juu ya sauti yako. Walikuwa wanasifia mikono ya shati."

Halafu Clement akatukana, tusi refu la Kislovakia ambalo hakuna mtu angeweza kumfundisha ila babu yake.

"Hiyo yako hamkuisikia?" alisema. "Na hospitali? Hata hospitali hamkusikia?"

"Hata neno."

"Dakika nne, Baba! Nimeongea dakika nne nzima!"

"Najua. Nimekuona." Emil aliegemea ukuta wa korido. Alikuwa na hasira, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Kwaresima kwamba hasira hiyo haikuwa ya mwanawe. "Hebu nisomee. Hiyo uliyosema. Yote, tangu mwanzo."

"Sasa hivi? Watu wananisubiri hapa."

"Waambie wasubiri. Ngoja nimwite Stush, na useme kwa sauti, kwa sababu yule hasikii."